Maji ya sayari LHS 1140 b: yamejulikanaje, na yako katika hali gani?

Swali: Mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule ya sekondari. Wanafunzi wangu wamesoma mtandaoni kwamba kuna sayari iitwayo LHS 1140 b, iliyo mbali sana na Jua letu, ambayo huenda ina maji mengi kuliko Dunia kwa mara nyingi. Mmoja wao alichukua tungamo na nusukipenyo vilivyotajwa katika habari hiyo, akakokotoa densiti, akapata karibu gramu 6 kwa sentimita moja ya ujazo, yaani zaidi ya densiti ya Dunia. Akauliza: kitu chenye densiti kubwa kuliko Dunia kitakuwaje cha maji? Naomba ufafanuzi. Na kama maji yapo kweli, je, ni bahari kama hizi tunazozijua?

Jibu: Mwalimu, mwanafunzi wako hakukosea hesabu. Tungamo la LHS 1140 b ni mara 5.6 ya tungamo la Dunia, na nusukipenyo chake ni mara 1.73 ya kile cha Dunia. Kipeo cha tatu cha 1.73 ni karibu 5.18, 5.6 ukiigawa kwa 5.18 unapata 1.08, nayo ukiizidisha kwa densiti ya Dunia, ambayo ni gramu 5.5 kwa sentimita moja ya ujazo, unafika karibu 6. Tatizo liko katika kile alichokilinganisha. Darasani tunafundisha kwamba densiti ni sifa ya kitu isiyobadilika, na kwa kipande cha chuma kilichopo mezani hilo ni kweli. Ndani ya sayari si kweli, kwa sababu kila tabaka linabeba uzito wa matabaka yote yaliyo juu yake na linabanwa. Chuma cha mezani kina densiti ya gramu 7.9 kwa sentimita moja ya ujazo, ilhali kiini cha ndani cha Dunia, ambacho kwa sehemu kubwa ni chuma, kimebanwa hadi karibu gramu 13. Sayari yenye tungamo kubwa zaidi hujibana zaidi, hata kama imeumbwa kwa mchanganyiko uleule wa chuma na mwamba.

Kwa hiyo LHS 1140 b hailinganishwi na Dunia jinsi ilivyo, bali na Dunia iliyoongezewa mwamba na chuma, kwa uwiano uleule, mpaka tungamo lake lifikie 5.6. Miundo ya ndani ya sayari inaonyesha kwamba Dunia kubwa ya namna hiyo ingekuwa na nusukipenyo cha karibu 1.59, na densiti yake ingefika kama gramu 7.6. Sayari tunayoizungumzia ina gramu 6 mahali palipotarajiwa 7.6, na nusukipenyo chake kimezidi matarajio kwa karibu kilomita 900. Ndani yake, au juu yake, kuna kitu chepesi kuliko mwamba. Vipimo vya tungamo na nusukipenyo vinaishia hapo. Havina uwezo wa kukitaja kitu hicho kwa jina, na habari nyingi zinazoandikwa kuhusu «sayari za maji» huliruka jambo hili.

Wanaoweza kushukiwa ni watatu. Wa kwanza ni upungufu wa chuma: sayari ya mwamba mtupu isiyo na kiini cha chuma ingekuwa na nusukipenyo cha karibu 1.70, si mbali na 1.73. Lakini chuma na madini ya mwamba huganda kutoka katika gesi inayoizunguka nyota changa kwenye viwango vya joto vinavyokaribiana, na ni vigumu kueleza jinsi sayari ingekusanya mwamba wote huo bila chuma. Wa pili ni hidrojeni. Gesi hii ni nyepesi kiasi kwamba blanketi lenye moja tu ya elfu ya tungamo la sayari lingetosha kuziba pengo lote. Wa tatu ni maji, na hapo kiasi kinachotakiwa ni kikubwa: kati ya asilimia 10 na 20 ya tungamo la sayari nzima. Kwa kulinganisha, bahari zote za Dunia yetu ni asilimia 0.02 tu ya tungamo lake. Sayari hii ya samawati tunayojisifia ni kavu.

Hidrojeni haikuondolewa kwa hoja, bali kwa darubini. Sayari inapopita mbele ya nyota yake, sehemu ndogo ya mwanga wa nyota hupenya katika angahewa ya sayari kabla ya kutufikia, na gesi zilizomo hufyonza mawimbi fulani ya mwanga huo. Angahewa ya hidrojeni hutanuka sana kwenda juu kwa sababu ni nyepesi, hivyo alama zake katika mwanga huwa kubwa na hazifichiki kirahisi. Darubini ya anga za juu ya James Webb iliitazama LHS 1140 b mwaka 2023, na matokeo yaliyochapishwa mwaka uliofuata hayakuonyesha alama za namna hiyo. Kulikuwa na dalili dhaifu ya angahewa ya nitrojeni, ambayo nisingeitegemea mpaka ipimwe tena. Kwa sababu hiyo, miongoni mwa sayari zote ndogo zinazodaiwa kuwa na maji mengi, naiona hii kuwa ndiyo yenye hoja iliyokaa vizuri zaidi, ingawa hoja yenyewe ni ya kuwaondoa washukiwa wengine, wala si ya kumkamata mhusika.

Vipimo vyenyewe vina historia ambayo wanafunzi wako wangefaidika nayo. Nusukipenyo hupatikana kwa kupima mwanga wa nyota unapungua kiasi gani sayari inapopita mbele yake. Kwa LHS 1140 b upungufu huo ni kama nusu ya asilimia moja, na hurudi kila baada ya siku 24.7. Lakini upungufu huo unatupa uwiano tu kati ya ukubwa wa sayari na ukubwa wa nyota, hivyo kosa lolote katika kukadiria nyota huhamia moja kwa moja kwenye sayari. Tungamo nalo hupimwa kwa namna nyota inavyoyumba, ikija kwetu na kurudi nyuma kwa mita chache tu kwa sekunde, kwa sababu sayari inaivuta. Sayari hii ilipotangazwa mwaka 2017, vipimo vilisema tungamo ni 6.65 na nusukipenyo ni 1.43. Mwambie mwanafunzi wako akokotoe na hiyo: atapata densiti ya gramu 12.5, yaani kitu kilichojaa chuma kupita kiasi. Mwaka 2019 nusukipenyo kilirekebishwa kuwa karibu 1.73, na mwaka 2024 timu iliyoongozwa na Charles Cadieux wa Chuo Kikuu cha Montréal ikashusha tungamo hadi 5.6. Katika miaka saba mpira wa chuma uligeuka kuwa sayari ya maji, na huko angani hakuna chochote kilichobadilika. Kumbuka kwamba densiti hupatikana kwa kugawanya tungamo kwa kipeo cha tatu cha nusukipenyo, kwa hiyo kosa la asilimia 10 katika nusukipenyo huwa kosa la takriban asilimia 30 katika densiti.

Sasa tuchukulie kwamba maji yapo. Sehemu ya pili ya swali lako ndiyo inayonivutia zaidi, kwa sababu jibu lake ni kwamba sehemu kubwa kabisa ya maji hayo haiwezi kuwa bahari. Kadirio la haraka linaonyesha kwamba asilimia 10 hadi 20 ya tungamo, ikikaa kama tabaka juu ya mwamba, ina unene wa zaidi ya kilomita elfu moja. Katika Dunia, kila mita 10 za kina baharini huongeza shinikizo sawa na lile la hewa yote iliyo juu yetu; chini ya shimo la Mariana, kwenye kina cha karibu kilomita 11, shinikizo hufika kama mara 1,100 ya lile la hewa. Mvutano wa LHS 1140 b ni karibu mara 1.9 ya wa Dunia, hivyo shinikizo hupanda upesi zaidi. Maji yenye joto la karibu nyuzi sifuri za Selsiasi yakibanwa kwa zaidi ya mara 6,000 ya shinikizo la hewa huganda. Yakiwa na joto la nyuzi 25 huhitaji kama mara 10,000. Katika sayari hii viwango hivyo hufikiwa kwenye kina cha takriban kilomita 30 hadi 50. Chini ya hapo maji yote ni barafu, na ni barafu iliyofanywa na shinikizo, wala haina haja ya baridi.

Barafu hiyo si ile ya kwenye friji. Katika barafu ya kawaida molekuli hujipanga kwa kuachana nafasi, ndiyo maana huelea juu ya maji. Barafu ya shinikizo, ambayo wanafizikia huipa namba kulingana na mpangilio wa molekuli, ni nzito kuliko maji: barafu ya sita ina densiti ya karibu gramu 1.3, na barafu ya saba, inayotokea ndani zaidi, hupita gramu 1.5. Kwa hiyo huzama na kutengeneza sakafu ya bahari. Hata hapa duniani barafu ya saba imepatikana: mwaka 2018 watafiti walitangaza kwamba wameikuta ikiwa imenaswa ndani ya almasi zilizochimbwa kusini mwa Afrika na China, zikiwa zimepanda nayo kutoka kina kirefu huku almasi yenyewe ikiendelea kuibana.

Juu ya bahari hiyo mambo yanategemea angahewa. Bila gesi za kuhifadhi joto, hali ya LHS 1140 b ingekuwa takriban nyuzi 47 chini ya sifuri, na uso wote ungefunikwa na barafu ya kawaida. Nyota yake ni kibete nyekundu, hafifu, yenye ukubwa wa kama moja ya tano ya Jua, na inaelekea kwamba sayari huielekezea upande uleule siku zote. Kaboni dioksaidi ikiwepo ya kutosha, katikati ya upande huo barafu ingeyeyuka na kuacha bahari wazi ya umbo la duara, yenye kipenyo cha kilomita elfu kadhaa. Ndiyo bahari pekee ambayo mtu angeweza kuita bahari bila kubisha. Chini yake kuna kilomita zaidi ya elfu moja za barafu, kisha mwamba, kisha chuma. Hili lina maana kubwa kwa wanaoota uhai huko, kwa sababu katika Dunia bahari hugusa mwamba, huyeyusha chumvi na madini yake, na kaboni hupita kati ya hewa, maji na mwamba. Sakafu ya barafu inazuia mguso huo. Baadhi ya miundo inaonyesha kwamba barafu ya shinikizo hupinduka polepole na inaweza kupitisha chumvi kutoka chini, lakini kwa kasi ndogo mno ukilinganisha na matundu ya maji moto ya chini ya bahari zetu.

Hayo yote ni ya sayari baridi. Sayari nyingi ndogo tulizozipima ziko karibu sana na nyota zao, na huko hata neno bahari halifai. Maji yakipita nyuzi 374 za Selsiasi na mara 218 ya shinikizo la hewa, tofauti kati ya kimiminika na mvuke hutoweka. Hakuna uso wa maji, kuna ugiligili mmoja unaozidi kuwa mzito kadiri unavyoshuka. GJ 9827 d, yenye nusukipenyo cha karibu mara mbili ya cha Dunia, ni mfano ninaoupenda, kwa kuwa Webb imeona angahewa yake ikiwa imejaa mvuke wa maji, si chembe chache ndani ya hidrojeni. GJ 1214 b, iliyogunduliwa mwaka 2009 na kuwa mfano mashuhuri wa sayari ya maji kwa zaidi ya muongo mmoja, ina densiti ya gramu 2.2 tu, lakini mwaka 2014 darubini ya Hubble ilionyesha kwamba imejifunika kwa mawingu au ukungu mzito, na kilicho chini bado kinabishaniwa. Ndani kabisa ya sayari kama hizo maji huweza kuingia katika hali nyingine: atomi za oksijeni hubaki zimepangika kama katika kitu kigumu, huku viini vya hidrojeni vikitiririka kati yake na kupitisha umeme. Hali hiyo ilitabiriwa mwishoni mwa miaka ya 1980, na mwaka 2018 na 2019 watafiti wa maabara ya Livermore nchini Marekani waliithibitisha kwa kuyapiga maji kwa leza kali, wakayafikisha kwenye shinikizo la mara zaidi ya milioni moja ya lile la hewa na joto la nyuzi zaidi ya elfu moja. Barafu moto kuliko tanuri la kuyeyushia chuma! Wanafunzi hawatalisahau hilo.

Tena, picha hii ya matabaka yaliyopangwa kwa adabu, chuma chini, mwamba katikati na maji juu, imeanza kutiliwa shaka, na nadhani shaka hiyo ni ya haki. Sayari changa huanza ikiwa na bahari ya magma, yaani mwamba ulioyeyuka, na magma huyeyusha maji kwa wingi. Caroline Dorn wa chuo cha ETH Zürich, pamoja na wenzake, wamekokotoa kwamba katika sayari kubwa kidogo kuliko Dunia sehemu kubwa ya maji inaweza kuishia ndani ya magma, na hata ndani ya kiini, kwa kuwa hidrojeni na oksijeni huungana na chuma kilichoyeyuka. Maji yaliyofichwa hivyo hayaivimbishi sayari kama yale yaliyokaa juu, na hapo mtu anayekadiria kwa kutumia nusukipenyo atasema sayari ina maji machache kuliko ilivyo kweli. Kwa upande mwingine, kundi hilohilo lilichapisha mwaka 2025 hesabu zinazoonyesha kwamba sayari inayokua ikiwa na hidrojeni nyingi juu ya magma hupoteza sehemu kubwa ya maji yake, kwa sababu hubadilishwa kikemia na kuwa vitu vingine. Matokeo haya mawili hayafutani. Yanahusu sayari zilizokua kwa njia tofauti.

Maji hayo yalitoka wapi? Umbali fulani kutoka kwenye nyota changa, joto hushuka kiasi cha mvuke kuganda, na kuanzia hapo barafu huwa karibu sawa kwa tungamo na mwamba na chuma vikijumlishwa. Mwezi wa Ganymede unaoizunguka Mshtarii uliumbwa katika ukanda huo, na densiti yake ni gramu 1.94. Sayari iliyokulia huko na baadaye ikavutwa taratibu kuelekea nyota yake itafika ikiwa na nusu yake maji. Mwaka 2022 Rafael Luque na Enric Pallé walichunguza sayari 34 ndogo za nyota vibete nyekundu, wakasema zinajigawa katika makundi matatu: za mwamba, za nusu maji nusu mwamba, na zenye blanketi la gesi. Mwaka uliofuata watafiti wengine walionyesha kwamba kundi la katikati linaweza kuelezwa vilevile kwa mwamba uliovikwa hidrojeni kidogo. Ni yaleyale ya washukiwa watatu, safari hii kwa kundi zima.

Kuhusu K2-18 b, sayari nyingine inayodaiwa kuwa na bahari, ambayo wanafunzi wako bila shaka wataiuliza, nitasema kwa ufupi. Mwaka 2019 ilitangazwa kwamba Hubble imeona mvuke wa maji katika angahewa yake. Mwaka 2023 Webb ikaona methani na kaboni dioksaidi, na ikaonekana kwamba alama iliyodhaniwa ya maji inaelekea kuwa ya methani. Habari za bahari yenye uhai zilizofuata zimewekwa juu ya msingi huo mwembamba.

Kipimo cha maana kinachofuata kwa LHS 1140 b ni kutafuta kaboni dioksaidi katika angahewa yake, kazi itakayochukua miaka kwa sababu Webb hupata nafasi ya kuiona ikipita mbele ya nyota mara chache tu kwa mwaka. Wakati huohuo chombo cha JUICE cha shirika la anga la Ulaya, kilichorushwa Aprili 2023, kinatarajiwa kuanza kuizunguka Ganymede mwaka 2034, na huko kitapima bahari inayoaminika kulaliwa na barafu nyepesi juu na kulalia barafu nzito chini. Itakuwa mara ya kwanza kwa muundo wa namna hii kuchunguzwa kwa karibu.

Ukitaka zoezi la darasani, wape kanuni hii ya kukadiria, inayofanya kazi vizuri kwa sayari zenye tungamo la Dunia moja hadi nane hivi: nusukipenyo cha sayari yenye mchanganyiko kama wa Dunia ni tungamo lake lililopandishwa kwa kipeo cha 0.27, vyote vikipimwa kwa kulinganisha na Dunia. Kisha wape Kepler-138 d, iliyo umbali wa miaka ya nuru 218, yenye tungamo la 2.1 na nusukipenyo cha 1.51. Kanuni itawapa 1.22. Waulize pengo hilo ni la kilomita ngapi, na ni kipi kati ya chuma kilichopungua, hidrojeni na maji kinachoweza kuliziba. Na wakishajibu ndipo uwaambie kwamba sayari hiyo huizunguka nyota yake kwa siku 23 na ina joto la kutosha kuyafanya maji yake ya juu yawe mvuke, uone ni wangapi watabadilisha jibu.